Kumbukumbu ya Mashujaa Shehiani: Namna ya Kuiandaa Tarehe 25 Julai Bila ya Kukosea Majina

Turubai limefungwa, spika zimekuja, mgeni rasmi kawasili kwa wakati. Lakini jioni mjane mmoja anarudi kwake kimya, maana jina la mumewe halikusomwa, au limesomwa kwa ubini wa mtu mwengine. Kasoro hii hujirudia mwaka hadi mwaka na chanzo chake ni kimoja: kamati huanza na turubai, na majina huyakusanya wiki ya mwisho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kamati ya shehia, Pemba au Unguja, inayoandaa Siku ya Mashujaa ya 25 Julai na inayotarajia watu wapatao 150 na majina yasiyozidi 40. Mkiwa wachache zaidi, punguzeni vyakula na viti. Hatua za majina msipunguze hata moja.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na simu yenye kamera nzuri
- Ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, rangi nyeupe na nyeusi ya mafuta, brashi nyembamba mbili
- Seti moja ya majuzuu 30 ya Kurani kwa ajili ya hitma (kisomo cha kuwaombea marehemu), imehesabiwa, hakuna lililopotea
- Majamvi au mabusati, na viti 20 vyenye migongo kwa ajili ya wazee
- Maturubai mawili
- Spika mbili, maikrofoni mbili (moja iwe ya waya), jenereta ndogo na mafuta yake
- Shada moja la majani mabichi
- Tende kilo 3, halua kilo 5, kahawa lita 15, maji katoni 13 za chupa ndogo 12
- Chetezo, makaa na ubani
- Saa yenye kuhesabu sekunde

Posho, fulana zenye maandishi na mabango ya picha hayamo katika orodha hii, na hayakusahauliwa.

## Hatua ya 1: Kubalianeni nani anaingia (wiki 10 kabla)

Mkutano wa kwanza wa kamati uwe na ajenda moja tu: tunamkumbuka nani? Msipoliandika jibu mapema, mtakuja kubishana mbele ya familia.

Kanuni inayofanya kazi ni makundi matatu. La kwanza ni waliokufa vitani. La pili ni waliopigana wakarudi, kisha wakafariki nyumbani. La tatu ni walio hai. Makundi mawili ya kwanza husomwa majina yao katika dua. La tatu hutambulishwa kwa watu, halisomwi pamoja na marehemu. Imewahi kutokea mzee akasikia jina lake likiombewa rehema naye amekaa mstari wa mbele. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Kisha taja vita vyenyewe. Kwa shehia nyingi za Visiwani, wengi watakuwa wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Watakuwepo pia waliokuwa kusini wakati wa ukombozi wa Msumbiji, na walinzi wa amani wa miaka ya karibuni, Darfur na Kongo. Msiwasahau wa zamani zaidi: wanajeshi wa Vita Vikuu vya Pili, na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1916 kilikuwepo Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar chini ya Askofu Frank Weston. Waliobeba mizigo ya jeshi walikufa kwa maradhi na njaa kama walivyokufa wenye bunduki kwa risasi.

Mapinduzi yana siku yake, 12 Januari, na Mzee Karume ana hitma yake kila 7 Aprili pale Kisiwandui. Mkizichanganya siku hizi, mtafungua mjadala ambao hautamalizika kabla ya Maghribi.

Mmefanikiwa ikiwa: kanuni imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, sheha ametia saini, na mtu asiyekuwepo kikaoni akiisoma anaweza kusema jina fulani linaingia au haliingii.

## Hatua ya 2: Kusanyeni majina nyumba kwa nyumba (wiki 10 hadi 5 kabla)

Hapa ndipo penye kazi. Msiseme msikitini "mwenye jina alilete" mkakaa kusubiri. Wenye sauti wataleta, na wajane wazee wasiotoka nje hawataleta. Nendeni watu wawili wawili, mmoja akiwa mwanamke, maana mjane ataeleza mengi kwa mwanamke mwenzake kuliko kwa kijana wa kamati. Piga hodi, salimia, kaa, kisha eleza shida yako. Safari ya kwanza isiwe ya kuandika tu.

Kwa kila mtu andika mambo manane:

1. Majina matatu kamili: lake, la baba, la babu
2. Jina alilojulikana nalo mtaani
3. Jina lililoandikwa jeshini, kama ni tofauti
4. Kijiji na shehia aliyozaliwa
5. Jeshi au kikosi
6. Vita au kazi aliyokwenda, na mwaka
7. Alipofia na alipozikwa, kama panajulikana
8. Jamaa wa karibu aliye hai

Namba 3 ndiyo inayoangusha kamati nyingi. Karani wa kambini Bara aliandika alivyosikia. Khamis Said wa Wete akawa Hamisi Saidi, Hamad akawa Hamadi au Hamed, na jina la tatu, la babu, likaachwa kabisa. Familia ikitafuta rekodi kwa jina la nyumbani haipati kitu, inaambiwa "hayumo". Tafuteni kwa kila tahajia mnayoweza kuifikiria. Kwenye ubao lakini andikeni jina la nyumbani, kama mamake alivyomwita.

Ushahidi. Kila jina lipate vitu viwili kati ya hivi: waraka (hati ya kumaliza utumishi, karatasi ya pensheni, kitambulisho cha zamani, barua ya kutaarifu kifo, nishani, picha akiwa na sare) na shahidi asiye wa familia, hasa mwenzake wa kikosi. Ukiwa na waraka na shahidi, andika herufi A pembeni. Ukiwa na mashahidi wawili bila ya waraka, andika B. Ukiwa na neno la familia tu, andika C. A na B huingia ubaoni. C hubaki daftarini mpaka apatikane shahidi, na familia iambiwe hivyo mapema, kwa upole, nyumbani kwao. Isije ikajionea siku ya shughuli.

Onyo: msichukue waraka wa asili hata kwa siku moja. Upigeni picha pale pale, juu ya mkeka, karibu na dirisha, bila ya mwako wa kamera, kisha mrudishieni mwenyewe mkononi. Barua ya mwaka 1979 ikipotea mikononi mwa kamati, hakuna tena nyumba itakayokufungulieni sanduku.

Kwa waliokufa katika vita viwili vya dunia, iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenye orodha ya bure kwenye intaneti. Inahusu vifo vya 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na vya 3 Septemba 1939 hadi 31 Disemba 1947. Wapagazi wengi hawakuandikwa humo kwa majina, kwa hivyo msimtoe babu wa mtu kwa sababu tovuti haimjui. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani nazo zinafaa kutembelewa, lakini pelekeni barua kwanza na mtaje miaka mnayoitaka. Anayekwenda na swali la "tunatafuta mashujaa" hurudi mikono mitupu.

Majina yakifanana, na Visiwani yatafanana, ongezeni babu wa pili na kijiji. Juma Ali Juma wawili katika orodha moja si kosa. Kosa ni kudhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, mkamfuta mmoja.

Mmefanikiwa ikiwa: kila familia imesomewa jina lake kwa sauti kutoka daftarini na ikasema "ndivyo". Zisomeeni, msiwape wasome wenyewe, kwa sababu kitakachosikika siku hiyo ni sauti.

## Hatua ya 3: Barua na ruhusa (wiki 6 kabla)

Barua moja kwa sheha, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kituo cha polisi. Itaje mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na matumizi ya spika. Mkitaka mpiga tarumbeta kutoka jeshini au kutoka vikosi vya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) kama KMKM au JKU, barua yake iende siku hiyo hiyo. Wakichelewa kujibu, skauti wa skuli wanatosha, na hata bila ya tarumbeta shughuli husimama.

Maonyo matatu. Raia asivae sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo, hata kwa igizo la wanafunzi. Bendera isipandishwe nusu mlingoti kwa uamuzi wa kamati, kwani hiyo hutolewa amri na serikali. Fataki hapana kabisa: kuna mzee aliyekaa kimya miaka arubaini ambaye mlio mmoja utamrudisha alikotoka.

## Hatua ya 4: Chagueni saa (wiki 6 kabla)

Anzeni saa 10 alasiri, mara baada ya sala ya Alasiri, mmalize saa 12 kasoro robo. Asubuhi ipo sherehe ya kitaifa, ambayo huoneshwa moja kwa moja, na wazee wenu watataka kuiangalia. Isitoshe, tarehe 25 Julai si siku ya mapumziko: skuli na afisi zinafanya kazi. Alasiri jua limepoa na kusi inavuma. Maghribi ya Julai huingia saa 12 na dakika kama ishirini, basi mna nafasi ya kutosha lakini si ya kupoteza.

Mwaka wa karafuu nyingi, hata alasiri watu wamo kwenye kuchambua. Tangazeni wiki mbili kabla, Ijumaa mbili mfululizo, ili kila nyumba ijue nani atabaki na karafuu na nani atakuja.

Tarehe 25 ikiangukia Ijumaa, saa haibadiliki.

## Hatua ya 5: Tengenezeni ubao (wiki 3 kabla)

Bango la kuchapishwa huvutia, ila likishachapwa na kosa halirekebishiki. Plaiwudi na rangi hurekebishika kwa dakika kumi.

Pigeni rangi nyeupe mara mbili, uacheni usiku mzima kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Chora mistari kwa penseli kila sentimita 6. Ubao ukisimama wima una sentimita 244 kwenda juu. Safu mbili za majina 20 zitachukua sentimita 120, sehemu ya juu itabaki kwa kichwa cha habari, na chini muache nafasi ya majina 6 hadi 10. Nafasi hiyo ni ya lazima. Siku ya shughuli yenyewe atatokea mtu na waraka mkononi.

Herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 angalau, ili aliye mita saba nyuma asome. Pangeni majina kwa alfabeti ya jina la kwanza. Msipange kwa cheo. Koplo na meja wamelala chini ya udongo ule ule, na familia ya koplo itahesabu mistari.

Kinachoharibika: mwandishi huandika kutoka kumbukumbu ya simu. Mpeni karatasi iliyonakiliwa daftarini, na mtu wa pili akague herufi kwa herufi kabla rangi haijakauka.

## Hatua ya 6: Makaburi (wiki 2 kabla)

Kwa waliozikwa shehiani, ombeni ruhusa ya familia, kisha safisheni majani na njia. Basi. Msijenge, msipake chokaa, msiongeze jiwe. Kila familia ina msimamo wake kuhusu makaburi, na si kazi ya kamati kuubadilisha.

Waliozikwa mbali, Kaboya kule Kagera au Naliendele Mtwara, waandikieni mahali hapo pembeni ya jina katika daftari. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza wajukuu wanasikia kaburi liko wapi.

Kwa wale wa Mjini Unguja: makaburi ya mabaharia wa meli ya Kiingereza HMS Pegasus, iliyopigwa bandarini tarehe 20 Septemba 1914, yapo kisiwa cha Chapwani. Kupeleka wanafunzi huko ni jambo jema, lakini iwe siku nyengine. Boti na maji kupwa havingoji ratiba ya hitma.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Saa 8 mchana: mpangilio. Jua la alasiri liko magharibi. Wazee waketi wakiwa wameligeuzia mgongo, chini ya turubai, mstari wa mbele, kwenye viti vyenye migongo. Kila wazee wawili wapewe kijana mmoja wa kuwapeleka msalani na kuwaletea maji. Usafiri wao upangwe kwenda na kurudi. Kuwaleta ni rahisi, kuwasahau baada ya kahawa ni rahisi zaidi.

Jaribuni spika na maikrofoni ya waya. Ile isiyo na waya itazimika katikati ya majina. Chukulieni kwamba itazimika.

Saa 10: hitma. Majuzuu 30 kwa wasomaji 30 humalizika kwa dakika 40 hivi. Wakiwa 15, kila mmoja asome mawili na muda uongezeke maradufu, kwa hiyo waanze kabla ya wageni kufika. Awepo mtu mmoja mwenye karatasi ya namba 1 hadi 30 anayetia alama juzuu linapotolewa na linaporudi. Bila ya karatasi hiyo, la 17 litasomwa na wawili na la 22 litabaki sandukuni.

Katika orodha wakiwemo Wakristo, na katika Kagera walikuwa bega kwa bega, alikeni padri au mchungaji aombe kwa nafasi yake baada ya dua. Mwambieni mapema dakika zake, sawa na mtakavyomwambia sheikh.

Saa 11 kasoro robo: majina. Msomaji awe mmoja tu, aliyefanya mazoezi mara tatu kwa sauti mbele ya mjumbe mwenye daftari. Asome jina kamili, anyamaze kwa pumzi moja, aendelee. Kwa mwendo wa sekunde tano kila jina, majina 40 ni dakika tatu na sekunde 20. Ataona ni muda mrefu na atataka kukimbia. Asikimbie. Asiongeze vyeo wala "marehemu mpendwa wetu" kwa baadhi, maana atakayekosa neno hilo atajiuliza kwa nini.

Ukimya au Fatiha. Dakika ya kimya hutatiza kwa njia mbili: mshereheshaji huikata sekunde ya ishirini, na baadhi ya masheikh hawaikubali. Muulizeni imamu wiki moja kabla. Akisita, wote wasome Suratul-Fatiha kimyakimya. Ikiwa ni kimya, mtu mwenye saa asimame pembeni na anyanyue mkono zikitimia sekunde 60.

Shada. Duara la fito lenye upana wa sentimita 60, limezungushiwa majani ya mnazi na mrehani, lisukwe jioni ya jana yake na kunyunyiziwa maji. Asumini iacheni, harufu yake ni ya harusi. Liwekwe chini ya ubao na mzee mmoja aliyepigana pamoja na mtoto mmoja wa aliyekufa. Katika sherehe ya kitaifa viongozi huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka. Hayo ni ya dola. Shehia ikiyaiga hugeuka maigizo.

Saa 11 na robo: maneno. Mgeni rasmi dakika tano, sheha dakika tatu. Waandikieni kwenye mualiko. Mzee akitaka kusema, asiwekewe muda. Asipotaka, asiombwe mbele za watu. Asiwepo mwenye kofia, kanga wala fulana ya chama chochote, na mlinzi wa mlangoni aambiwe hivyo bila ya kubagua rangi. Mgeni rasmi asiahidi pensheni wala nyumba. Ahadi ya jukwaani ndiyo huwafanya wazee waache kuja mwaka wa pili.

Kahawa, halua, tende. Hutosha. Pilau ya watu 150 ni mchele kilo 18 na nyama kilo 13 au zaidi, na itawameza wanawake wote wa shehia jikoni wakati majina ya waume na baba zao yanasomwa nje. Mkilazimika kupika, iwe baada ya Maghribi.

Spika zizimwe kabla ya adhana, si wakati wa adhana.

Mmefanikiwa ikiwa: baada ya shughuli watu hawaondoki mara moja, wanausogelea ubao, wanagusa jina kwa kidole na kuwaonesha watoto.

## Hatua ya 8: Siku saba baadaye

Mjumbe mmoja akae mbele ya ubao jioni ile ile na daftari, aandike kila anayesema "hapa pamekosewa". Msibishane naye pale. Ndani ya siku saba mfuateni nyumbani, mpime ushahidi kwa A, B na C, kisha rekebisheni ubao na mumwite aje aone.

Nakilini daftari mara tatu: moja afisi ya sheha, moja skuli, moja kwa familia iliyochaguliwa na kamati, mbali na hizo mbili. Picha za nyaraka ziwekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, sio kwenye simu ya mtu tu. Ubao uwekwe ndani, umesimama, umeinuliwa juu ya matofali mawili. Mchwa wa Pemba humaliza plaiwudi iliyogusa sakafu kabla ya Julai ya pili.